Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya barabara na maafa Usambara: Masika ina tarehe, tunaomba ratiba

Sigi, Tarafa ya Amani,
Wilaya ya Muheza.
Januari.

Kwa waheshimiwa madiwani, wahandisi wa barabara za vijijini na wajumbe wa kamati za usimamizi wa maafa katika wilaya za milima ya Usambara.

YAH: MAANDALIZI YA BIASHARA KABLA YA MVUA ZA MASIKA



Nawaandikia nikiwa mfanyabiashara wa viungo na mwenye duka la rejareja hapa Sigi, mahali ambapo barabara ya kutoka Muheza inaacha tambarare na kuanza kupanda kwenda Amani. Nimeamua kuwaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linamhusu kila anayeuza iliki, anayekamua ng'ombe, anayeendesha bodaboda na anayepika chakula cha kuuza katika milima hii. Tumelisema kwenye mikutano ya kijiji. Tumewaambia viongozi wanaopita. Linapokelewa kwa adabu, mvua inakatika, jua linawaka, linasahaulika hadi magari yakwame tena.

Masika ya Usambara haijawahi kumshtukiza mtu. Huanza Machi na kuisha Mei, vuli huanza Oktoba na kuisha Desemba, na babu zetu walipanga kilimo na ndoa kwa kufuata hesabu hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa msimu kabla tone la kwanza halijadondoka, ikisema mvua itakuwa ya wastani, juu ya wastani au chini yake. Msimu ukishaanza hutoa utabiri wa kila siku, na hali ikiwa mbaya hutoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa. Habari za mbingu tunazipata redioni na kwenye simu. Habari za barabara ndizo zinazotupita: kona ipi inatarajiwa kufunga, nani ataifungua, mtambo utatoka wapi, na tujihesabu tumekatika kwa siku ngapi. Mwenye duka anajiandaa kwa siku ambazo gari halitafika, na hizo ndizo siku ambazo hakuna anayetuambia chochote.

Kwa wale ambao Sigi mnaijua kwa kupita tu, niseme ni mahali pa namna gani. Wajerumani, miaka michache baada ya kuanzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo na baiolojia huko Amani mwaka 1902, walijenga reli kutoka Tengeni ikaishia hapa, kwa ajili ya kuteremsha magogo. Nyumba ya mkuu wa stesheni ipo hadi leo. Ndiyo kituo cha habari cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1997. Reli iliishia Sigi kwa sababu ya mlima. Kutoka hapa hadi Amani ni kilomita chache tu, lakini njia inapanda zaidi ya mita 400 kwa kona zinazofuatana, mlima mkono mmoja na bonde mkono wa pili. Mzigo wote wa juu hubadilisha hali yake hapa: uliokuja na Fuso unahamia kwenye gari dogo, uliokuja na gari dogo unahamia kwenye pikipiki, na mvua ikizidi, unahamia kichwani.

Kisha tazameni mvua yenyewe. Usambara Mashariki inakabili Bahari ya Hindi moja kwa moja. Upepo wenye unyevu unatoka baharini, unagonga mlima, unapanda na kupoa, na unyevu unageuka mvua. Ndiyo maana Amani hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na hakuna mwezi tunaoweza kuuita mkavu kweli. Baada ya masika huja kipupwe chenye ukungu na baridi, katikati yake mvua za mchoo za Julai na Agosti, halafu vuli. Januari na Februari, mvua ikipungua, ndiyo nafasi yetu ya kujiandaa. Tupo ndani yake sasa hivi, na ndiyo sababu barua hii imeandikwa leo wala haikusubiri Aprili.

Malalamiko na maombi yetu ni haya.

1. Tunatangaziwa mvua, hatutangaziwi barabara.

Hili ni la kwanza kwa sababu halihitaji fedha. Chukueni duka kama langu. Mtaji ni mdogo. Ukiuweka wote kwenye unga, hakuna sukari. Nikijua kwamba barabara inaweza kufungwa siku tatu, nanunua kama kawaida nikiongeza chumvi na viberiti. Nikijua ni wiki mbili, napunguza soda, naacha sabuni za kunukia, nabeba unga, mchele, mafuta ya kula na dawa za maji. Nisipojua, nina njia mbili na zote ni mbaya. Nikinunua kingi, unga unapata unyevu, unaingia wadudu, hasara ni yangu. Nikinunua kidogo, bei inapanda ndani ya siku mbili, na anayeumia ni mama wa Amani mwenye watoto wanne ambaye hana pa kwenda kununua kwingine.

Hesabu hiyo hiyo inamhusu wakala wa pesa anayeishiwa floti kwa sababu hawezi kuteremka Muheza benki, na pesa iliyotumwa na mtoto kutoka Dar es Salaam inakuwa namba tu kwenye simu ya mzee. Inamhusu kijana wa bodaboda anayenunua petroli ya chupa kwa bei ya kuumiza. Inamhusu mfugaji: maziwa ya asubuhi yasipofika kwenye tangi la ubaridi, jioni si maziwa ya kuuza tena. Inamhusu mchuma chai, maana jani lililochumwa leo linatakiwa kiwandani leo. Yupo pia mwenye vyumba vya wageni na kijana anayeongoza watalii na watafiti msituni. Mgeni akipiga simu kuuliza kama barabara inapitika, hatuna jibu lililothibitishwa na mtu yeyote mwenye dhamana, kwa hiyo anaahirisha, na akiahirisha mara nyingi anahamia kwingine.

Nchi yetu imeshaona kwamba tahadhari ya hali ya hewa peke yake haitoshi. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155. Siku chache baadaye kilikuja Kimbunga Hidaya. Kilifuatiliwa na kutangazwa kabla hakijafika pwani yetu, na bado barabara ya kusini ilikatika eneo la Somanga na kwingineko Lindi, malori na mabasi yakabaki njiani. Miezi mitano kabla ya hapo, Desemba 3, 2023, matope yaliporomoka Katesh wilayani Hanang' na kuua watu zaidi ya 80, katika vuli ambayo tangu Agosti tulikuwa tumeambiwa itakuwa na El Niño. Hata mkoa wetu wa Tanga hauhitaji kukumbushwa: vuli ya Oktoba 2019 ilikata mawasiliano kati ya Korogwe na Handeni. Mara zote hizo mbingu zilitabiriwa vizuri. Kazi ya kugeuza utabiri kuwa maelekezo ya mahali fulani, kona fulani, siku fulani, ndiyo iliyokosa mwenyewe.

Tunaomba basi, kabla ya tarehe 1 Machi na tena kabla ya tarehe 1 Oktoba, kila wilaya ya mlimani itoe tangazo la ukurasa mmoja. Liseme maeneo korofi ya kila barabara kwa majina yanayojulikana na wenyeji. Liseme njia ya kuzungukia, kama ipo. Liseme mtambo wa kuondoa kifusi utakaa wapi msimu huo na utachukua muda gani kutufikia. Liweke cheo na namba ya simu ya mtu mmoja wa kupigiwa usiku na mchana, ambaye akipigiwa anajibu. Libandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji, stendi ya Muheza, misikitini na makanisani. Msimu ukiwa katikati, barabara ikifungwa, utolewe ujumbe mfupi siku hiyo hiyo: imefungwa wapi, inatarajiwa kufunguliwa lini. Mkikosea makadirio kwa siku moja au mbili hatutawalaumu. Tunawalaumu kwa ukimya.

2. Mitaro husafishwa maji yakiwa tayari barabarani.

Barabara ya udongo haiuliwi na mvua inayoanguka juu yake. Inauliwa na maji yaliyokosa pa kwenda. Majani na matawi yanaziba mtaro, gogo linaziba kalavati, maji yanapanda barabarani, yanatafuta upande wa bonde, na usiku mmoja tu yanakata nusu ya njia. Mlima wetu una udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni ukilowa, na ukishakatwa haushikamani tena kwa kifusi cha kumwaga haraka haraka.

Kazi ya kuzuia hayo ni ya jembe, panga na koleo, nayo ni ya Januari na Februari. Aprili inahitaji kijiko, greda na tipa, na vyote hivyo vinashindwa kupanda kwa sababu ya utelezi ule ule vilioitwa kuuondoa. Nimeona mtambo ukisubiri siku kadhaa chini ya mlima hadi udongo ukauke, huku vijana waliokuwa tayari kufanya kazi hiyo kwa mikono mwezi mmoja kabla wamekaa kibarazani.

Utaratibu wa kuvipa vikundi vya kijamii kazi ndogo ndogo za matengenezo ya barabara za vijijini upo nchini. Tunaomba utumike huku kwa ukamilifu, vikundi vya Kisiwani jirani yetu, Sigi na Amani vipewe mikataba iliyosainiwa mapema, na malipo yao yatoke kabla ya Pasaka. Kijana aliyesafisha mtaro kwa malipo atauangalia pia usiku wa mvua, kwa sababu ni wake.

3. Viungo vyetu vinaoza mikononi mwetu.

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu hasara hii haipigwi picha. Daraja likianguka, kamera zinakuja. Gunia la pilipili manga likiota ukungu ndani ya chumba cha mtu, hakuna anayejua isipokuwa mwenyewe na familia yake.

Muheza inasifika kwa iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Viungo vyote hivi bei yake inaamuliwa na ukavu. Pilipili inayokwenda soko la nje inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 12 hivi. Mnunuzi anaweka punje kwenye kipimo, anasoma namba, na mazungumzo yameisha. Karafuu isiyopata jua la kutosha inasinyaa na kuwa nyeupe, harufu inakwenda. Iliki inapoteza rangi yake ya kijani. Zaidi ya bei, kuna sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho na haiondoki yote kwa kuchagua punje nzuri; zao lililohifadhiwa bichi ni hatari kwa anayelila.

Sasa mkulima wa mlimani anakaushaje? Kwa turubai uani, akiangalia mawingu. Mvua ikija anakunja, ikikatika anakunjua, na katika siku za mchoo anaweza kukunja na kukunjua tangu asubuhi hadi jioni bila zao kupata jua la saa mbili mfululizo. Wengine wanatandaza kwenye lami wakiipata, ambako matairi na mbuzi wanapita juu yake. Wengine wanapandisha darini, juu ya meko. Zao linakauka lakini linanuka moshi, na mnunuzi anakata bei kwa sababu ya moshi huo. Kuni za kukaushia nazo zinatoka wapi, wakati msitu ulio mbele yetu ni hifadhi tunayotakiwa kuilinda, na tunataka kuilinda? Tunabanwa pande zote mbili.

Mimi mwenyewe nimewahi kurudishiwa magunia ya pilipili na mnunuzi mmoja wa mjini. Nilikuwa nimeyapokea yakiwa makavu. Barabara ikafungwa, yakakaa stoo katika unyevu wa mlimani, na yalipofika sokoni kipimo kikakataa. Mkulima nilikuwa nimeshamlipa. Simlaumu mnunuzi, maana ana masharti yake. Nasema kwamba siku zile za kukatika barabara zilikula mtaji wa watu wawili ambao kila mmoja alifanya kazi yake vizuri.

Tunachoomba kipo ndani ya uwezo wa halmashauri yoyote. Vibanda vya kukaushia vyenye paa la nailoni inayopitisha mwanga na vichanja vya wavu ndani yake, vilivyoinuliwa kutoka ardhini, hewa ikipita chini na juu. Fundi wa kijijini anavijenga kwa mbao na misumari. Kibanda kimoja cha pamoja kwa kila kitongoji kinachozalisha viungo kingebadilisha msimu mzima. Na kipimo cha unyevu kimoja kiwekwe ofisi ya kijiji, ili mkulima ajue namba yake kabla hajaambiwa na mnunuzi.

Fedha za kuanzia zina njia. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Tunaomba vikundi vinavyotaka kujenga vibanda vya kukaushia vipewe kipaumbele, na hapa nasisitiza jambo moja: kalenda ya marejesho ifuate kalenda ya mlima. Kikundi cha akina mama kinachokopeshwa Februari na kutakiwa kuanza kurejesha Aprili kimekopeshwa ili kifeli. Mapato yao yanakuja zao likishauzwa, na zao haliuzwi wakati barabara imefungwa.

4. Ushuru unapanda mlima hata siku ambazo gari halipandi.

Kila gunia likishuka tunalipa ushuru wa mazao, mashine ya POS inatoa risiti, na hatukatai, kwa kuwa ndio unaolipia huduma zetu. Lakini wenye meza na magenge wanadaiwa ushuru wa siku hata zile ambazo barabara imefungwa na hawajauza nyanya moja. Tunaomba siku zinazotangazwa rasmi kuwa barabara imefungwa zisamehewe. Tangazo la ombi la kwanza litakuwa ndio ushahidi, kwa hiyo hakuna atakayedanganya. Tunaomba pia tusomewe hadharani, mara moja kwa mwaka, ni kiasi gani cha ushuru uliotoka kwenye viungo vya tarafa hii kimerudi kwenye barabara za tarafa hii.

5. Gari moja zito linaharibu njia ya watu wote.

Baada ya mvua kubwa barabara ya udongo inahitaji muda wa kunywa maji yake. Lori lililojaa mbao au mawe likipita kabla ya hapo linachimba mifereji miwili ambayo usiku huo inageuka mito. Tunaomba uwekwe utaratibu wa kuzuia magari mazito kwa saa kadhaa baada ya mvua kubwa, kwa alama iliyo wazi na mtu anayesimamia, na zuio lianzie Muheza ambako dereva ana pa kuegesha na pa kula, lisianzie katikati ya mlima. Zuio limhusu kila mtu. Lori la mwenye cheo likiruhusiwa kupita mara moja, hakuna dereva atakayelitii tena, na hatutakuwa na la kuwaambia.

6. Udongo wa barabara hii unakwenda kunywewa Tanga.

Naomba wenye dhamana wa mjini nao wasome hapa. Mto Sigi, ambao wengine huuandika Zigi, unazaliwa katika misitu hii hii, unapita hapa kwetu na kuingia bwawa la Mabayani, bwawa lililojengwa miaka ya 1970 ambalo ndilo linaloinywesha jiji la Tanga. Kila kona inayoporomoka kutoka Amani hadi Kisiwani inateremsha udongo wake mtoni. Udongo huo unatulia bwawani, unapunguza nafasi ya maji, na kuyasafisha kunagharimu zaidi. Hoteli ya Tanga, kiwanda cha Tanga na nyumba ya Tanga vinalipia mtaro ambao haukusafishwa Sigi.

Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani yenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa ajili ya miundombinu ya maji, na Watanzania waliinunua. Wakulima wa juu nao hawajakaa bure: umoja wao wa uhifadhi wa mazingira ya Kihuhwi na Zigi, UWAMAKIZI, umefanya kazi ya kulinda kingo na vyanzo vya mito. Tunachosema ni kwamba barabara ya Sigi hadi Amani ihesabiwe kuwa sehemu ya chanzo cha maji. Kuta za mawe kwenye kona, nyasi za kushika udongo na mitaro iliyojengwa vizuri vitalinda biashara yetu na bwawa lenu kwa gharama moja. Wahandisi wa maji na wahandisi wa barabara wakae meza moja kabla ya masika. Tunaomba kikao hicho kifanyike hapa Sigi, watu waione kona kwa macho.

7. Kamati za maafa za vijiji zipewe kazi.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Tunaomba kamati ya kijiji iwe na wajumbe wanaojulikana kwa sura, na miongoni mwao awemo mfanyabiashara mmoja, dereva mmoja wa bodaboda na mama ntilie mmoja. Hao ndio wanaojua nani ana akiba ya unga, nani ana tochi, nani ana mgonjwa wa kuteremshwa. Kikao cha kwanza cha mwaka kiwe Februari.

Waheshimiwa, najua jibu litakalokuja kwanza ni kwamba bajeti haitoshi na barabara ni nyingi. Ni kweli, na hatuombi lami kwa barua hii, ingawa tunaitaka na tutaendelea kuiomba mahali pake. Ukurasa mmoja wa tangazo hauhitaji bajeti. Kuhamisha usafi wa mitaro kutoka Aprili kwenda Februari kunatumia fedha zile zile kwa tarehe nyingine. Kuahirisha marejesho ya mkopo kwa miezi mitatu hakupunguzi mkopo. Kusamehe ushuru wa meza kwa siku chache ni fedha ndogo kuliko mafuta ya gari la kuja kutupa pole.

Upande wetu nasi tunajifunga hadharani. Wenye maduka wa Sigi na Kisiwani tutaweka akiba ya chumvi, unga, mchele, mafuta na dawa za maji ifikapo mwisho wa Februari, na tukipewa tangazo kwa wakati hatutapandisha bei ya vitu hivyo barabara ikifungwa. Atakayepandisha atajwe kwenye mkutano wa kijiji. Wanunuzi wa viungo tutapanga magunia juu ya vichaga, mbali na ukuta, na hatutapokea zao bichi kwa bei ya kutupa ili tumlangue mkulima aliyekwama. Vijana wa bodaboda watakubaliana nauli ya dharura kabla ya msimu, na mgonjwa na mjamzito watabebwa kwanza. Kila mmoja wetu ataandika hasara yake ya kila siku ya kufungwa, kwenye daftari, ili mwakani tukija mbele yenu tuje na hesabu iliyoandikwa.

Ndugu zetu wa Lushoto nao wanasoma barua hii. Barabara yao ya kutoka Mombo kupanda Soni ina lami, lakini mawe na udongo vinaishukia kila masika, na karoti, kabichi na hoho vinavyotakiwa Dar es Salaam alfajiri vinaharibikia ndani ya malori. Matatizo yao si yetu yote, ila tangazo tunaloliomba linawafaa neno kwa neno. Nawaomba nao walidai kwa madiwani wao, kwa majina ya kona zao.

Tunaomba majibu kwa maandishi, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji ambapo kila mtu atayasoma. Ombi la kwanza na la pili yasisubiri kikao cha robo mwaka. Yatekelezwe kabla ya tarehe 1 Machi. Mkituambia mnakuja kuziona kona, tutafunga maduka siku hiyo na kupanda nanyi hadi Amani kwa miguu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mfanyabiashara wa viungo na duka la rejareja,
Sigi, Usambara Mashariki.